Mfuko wa kupimia damu leba: unafaa kununuliwa, lakini si peke yake

Tuanze na hukumu. Mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, ule unaotandikwa chini ya mama mara tu mtoto akishatoka, ni miongoni mwa vifaa vichache vya bei ndogo ambavyo utafiti mkubwa umeonyesha vinaweza kubadilisha kinachowapata wazazi wenye kutokwa damu nyingi. Ila utafiti huohuo, ukisomwa wote, unaonyesha pia kwamba mfuko ukipelekwa leba bila kitu kingine hausaidii kama watu wanavyodhani. Anayeandaa oda ya hospitali au bajeti ya utafiti ayajue yote mawili kabla ya kutia saini.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Ni shuka la plastiki laini inayopitisha mwanga, pana kiasi cha kutosha makalio na mapaja, na upande wa miguuni limeunganishwa likawa kapu lenye umbo la faneli. Kapu hilo huning'inia ukingoni mwa kitanda na damu huteremkia humo yenyewe. Aina nyingi zina kamba mbili za kufunga kiunoni ili plastiki isiteleze mama akijigeuza. Alama za ujazo zimechapwa kwenye kapu, na kwenye aina zinazofaa zaidi kuna mistari miwili iliyokolezwa: mmoja mililita 300, mwingine mililita 500. Huo wa kwanza ni wa kukushtua, wa pili ni wa kukuamrisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao milioni 14 kila mwaka hutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na kwa makadirio yake ya mwaka 2025 karibu 45,000 hufariki. Wengi wao hawafi kwa kukosa dawa isiyojulikana. Hufa kwa sababu damu iligundulika kuwa nyingi wakati imeshakuwa nyingi mno. Mwishoni mwa mimba, damu inayopita kwenye mji wa mimba ni kiasi cha mililita 500 hadi 700 kwa dakika. Mji ukilegea usijikaze, muda wa kubishana kama "hii ni kawaida au si kawaida" haupo.

Na macho hayatoshi. Mwaka 2006 watafiti huko Belgaum, India, walilinganisha makadirio ya macho na mfuko wenye alama kwa wanawake 123. Makadirio ya macho yalikuwa pungufu kwa asilimia 33. Yeyote anayeijua leba zetu hatashangaa. Damu inanywewa na khanga, nyingine inabaki kwenye mikunjo ya mpira wa kutandika, nyingine imo kwenye gozi na pamba zilizokwisha kutupwa, nyingine iko sakafuni. Inayotoka taratibu kwa saa nzima humpita hata mkunga hodari, kwa sababu kila akitazama anaona kidogo. Juu ya hayo, mama kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake ikiwa bado nzuri, halafu akaanguka ghafla. Kusubiri presha ishuke ndipo uamini kuwa hali ni mbaya ni kuchelewa.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndipo wauzaji wengi hutaja nusu tu ya habari.

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika Ulaya, katika nchi 13, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Vitengo 78 vya uzazi vilipangwa kwa bahati nasibu: vingine vitumie mfuko wa kukusanyia damu, vingine viendelee kukadiria kwa macho. Wanawake 25,381 waliojifungua kwa njia ya kawaida waliingia kwenye hesabu. Kutokwa damu kwa kiwango kikali kulikuwa asilimia 1.71 kwenye vitengo vyenye mfuko na asilimia 2.06 kwenye vitengo vya macho. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati tu ingeweza kuileta. Kwa lugha nyepesi, mfuko ulipima lakini haukuokoa.

Jaribio la pili linatuhusu moja kwa moja. Ni E-MOTIVE, lililoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham likafanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuchapishwa Mei 2023. Hospitali 80 za ngazi ya pili, wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali za kundi la mabadiliko zilipewa mfuko wenye alama pamoja na utaratibu wa matibabu unaotolewa kwa mpigo. Tukio kuu lililohesabiwa lilikuwa kupoteza mililita 1,000 au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu. Liliwapata asilimia 1.6 kwenye kundi hilo na asilimia 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na huduma ya kawaida. Hatari ilishuka kwa asilimia 60. Ni nadra jaribio la leba kutoa jibu la wazi namna hii.

Kwa nini mfuko wa Ulaya haukufua dafu na huu ukafua? Mazingira ni tofauti, hilo lazima likubaliwe. Lakini sababu kubwa inaonekana kwenye takwimu mbili za ndani ya E-MOTIVE. Wanawake waliokuwa wakitokwa damu nyingi waligunduliwa kwa asilimia 93.1 kwenye hospitali za mfuko wenye alama, dhidi ya asilimia 51.1 kwingine. Na waliopata matibabu yote kwa pamoja walikuwa asilimia 91.2 dhidi ya asilimia 19.4. Soma takwimu ya mwisho tena. Kwenye huduma ya kawaida, dawa nyingi zilikuwepo kabatini, ila mama alipewa moja, akasubiriwa, akapewa ya pili, akasubiriwa. Mfuko ulifua dafu kwa sababu mstari wake ulifungwa kwenye amri: ukifika hapa, fanya yote haya sasa.

Kwa hiyo ukinunua, unanunua mstari na amri yake. Amri yenyewe ni hii. Kanda mji wa mimba kwa dakika moja au hadi ukaze. Mpe oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwa mshipa, polepole au ndani ya dripu, halafu endelea na dripu ya kuendeleza dozi kulingana na mwongozo wa nchi yako. Mpe asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, gramu 1 kwa mshipa kwa muda wa dakika 10. Maji ya dripu yaanze. Kagua njia ya uzazi kama imechanika, hakikisha kibofu hakijajaa na kondo la nyuma limetoka zima. Kama damu haijasimama, ita msaada wa ngazi ya juu. Yote yaanze ndani ya dakika 15 tangu tatizo ligundulike, bila kungoja moja lishindwe ndipo lianze jingine.

Asidi ya traneksamiki ndiyo inayochelewa zaidi kwenye hospitali nyingi, pengine kwa sababu watu bado wanaiona kama dawa ya mwisho. Si ya mwisho. Jaribio la WOMAN la mwaka 2017, lenye wanawake 20,060 kutoka nchi 21, lilionyesha kuwa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, vifo vitokanavyo na damu hushuka kutoka asilimia 1.7 hadi 1.2. Uchambuzi uliofuata ulikuta kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa kiasi cha asilimia 10. Ichomwe taratibu; ikisukumwa kwa haraka inaweza kushusha presha. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, dozi ya pili ya gramu 1 inaruhusiwa.

Sasa matumizi. Kosa kubwa kuliko yote ni wakati wa kuutandika. Ukiutandika mapema, maji ya uzazi yanaingia kapuni na mama anaonekana amepoteza mililita 600 kabla hata damu haijaanza. Ukiutandika ukiwa umechelewa, baada ya kondo kutoka, damu ya mwanzo imeshapotelea kwenye khanga. Wakati wake ni mtoto akishatoka na maji yaliyobaki yakishamwagika: mwinue mama makalio kidogo, ondoa nguo zilizolowa, tandaza plastiki ifike juu ya kiuno upande wa mgongo, funga kamba, kisha liachie kapu lining'inie. Zoezi hilo kwa mkunga aliyezoea ni la sekunde chache. Mfuko uwe tayari umefunguliwa na kuwekwa kando ya kitanda kabla ya mtoto kuzaliwa, kwa sababu baada ya hapo mikono yote ina kazi.

Vitanda vyetu vingi vya kujifungulia havikatiki miguuni. Mama akilala katikati ya kitanda bapa, kapu linalala juu ya godoro na damu inakaa kama dimbwi chini ya mgongo wake. Hapo utasoma mililita 100 wakati zipo 400. Msogeze mama hadi makalio yafike ukingoni, au kama hawezi kusogea, inua kichwa cha kitanda kidogo ili mteremko upatikane. Kabla ya kusoma, tembeza mkono juu ya plastiki kutoka kiunoni kuelekea kapuni ili dimbwi lishuke.

Kusoma nako kuna namna yake. Plastiki iliyolowa hunata upande mmoja na mwingine, na kapu lililonata linaonyesha damu ikiwa juu kuliko ilivyo. Shika pembe mbili za juu za kapu, livute liwe wazi na lining'inie huru, inama macho yawe usawa wa damu, ndipo usome. Ukisoma kutoka juu ukiwa umesimama, umekosea tayari. Kondo la nyuma lisiangukie humo; likianguka, litoe kwanza, maana linachukua nafasi ya mamia ya mililita. Mabonge ya damu yaache, hayo ni damu. Gozi zilizolowa usizitumbukize kapuni, ziweke kwenye beseni zipimwe kwa mzani. Mkojo ni adui mwingine: mama akikojoa humo, kipimo chote kimeharibika, hivyo kibofu kitolewe mkojo mapema.

Mzani wa jikoni wa kidijitali ni rafiki wa mfuko huu, na ajabu ni kwamba vituo vingi havina. Mililita moja ya damu ina uzito wa takriban gramu 1.06. Pima mfuko mkavu mara moja, andika uzito wake ukutani. Kwa mfano, mfuko mkavu ukiwa gramu 90, na baada ya kutumika ukawa gramu 620, damu ina gramu 530, yaani mililita 500. Fanya hivyo pia kwa gozi na pedi. Pale damu ilipomwagika pembeni, au kapu limepinda hadi huamini alama zake, mzani ndio unaomaliza ubishi.

Mfuko ukae kwa saa 1 angalau, na saa 2 kama damu bado inatoka kuliko kawaida. Katika saa hiyo ya kwanza, kila dakika 15 mkunga aangalie mambo manne: kiasi kilichomo kapuni, kasi ya mtiririko, ugumu wa mji wa mimba na hali ya mama. Presha na mapigo yapimwe pia. Hii ndiyo sehemu inayovunjika kwenye leba yenye mkunga mmoja na akina mama watano. Mfuko unapunguza mzigo wake kidogo kwa sababu kapu linaonekana kwa mbali, hata na mhudumu mwingine anayepita, lakini haumwondolei. Mwongozo unaodai uangalizi wa kila dakika 15 bila kuongeza mikono ni karatasi tu, na msimamizi wa zamu anatakiwa kulisema hilo kwa uwazi kwenye kikao cha bajeti.

Mama aambiwe mapema kitakachofanyika. Plastiki ni baridi na inanata ngozini, na mtu aliyetoka kujifungua hapendi kufungwa kamba kiunoni bila kuelezwa sababu. Maneno mawili yanatosha: "Mama, huu ni wa kutuonyesha damu inayotoka ni kiasi gani, tutautoa baada ya saa moja." Akielewa, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayekuita akihisi joto la damu linaongezeka.

Kuhusu mistari yenyewe, mwaka 2025 mambo yalisogea. Mwongozo mpya uliotolewa Oktoba mwaka huo na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga hausubiri tena mililita 500 kwa kila mtu. Unasema hatua ichukuliwe mililita zikifika 300 pamoja na dalili yoyote isiyo ya kawaida: mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100 au namba yake ya chini ikiwa chini ya 60, au mapigo yakigawanywa kwa namba ya juu ya presha yanazidi 1. Au zikifika 500 hata kama dalili zote ni nzuri. Kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna uchambuzi wa taarifa za wanawake 312,151 kutoka nchi 23. Hesabu ya kugawanya haihitaji kikokotoo: mapigo 110 na namba ya juu ya presha 100 ni 1.1, mama huyo yuko hatarini hata kama anaongea nawe vizuri. Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: mfuko usio na mstari wa 300 ulio wazi umepitwa na wakati, na mfuko bila mashine ya presha inayofanya kazi kando ya kitanda ni nusu ya kipimo.

Na mstari wa 300 una uzito zaidi kwetu kwa sababu ya upungufu wa damu. Katika utafiti wa WOMAN-2, uliofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistani kwa wanawake wenye upungufu wa damu wa wastani au mkali, kila himoglobini iliposhuka kwa gramu 10 kwa lita, uwezekano wa kutokwa damu nyingi uliongezeka kwa takriban asilimia 29. Wenye upungufu mkali walikuwa na uwezekano wa kufa au kukaribia kabisa kufa uliokuwa mara saba ya wenye upungufu wa wastani. Mama aliyeingia leba na himoglobini 6 kwa desilita, yaani gramu 60 kwa lita, hana akiba. Mililita 400 ambazo jirani yake atazivumilia zinaweza kumzimisha yeye. Ndiyo maana himoglobini ya mwisho ya kliniki iandikwe kwa herufi kubwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, au ukutani karibu na kitanda, ili anayesoma kapu ajue anasoma la nani. Tusichanganye lakini: jaribio hilohilo la WOMAN-2 halikuona faida ya kuwapa akina mama hao asidi ya traneksamiki kama kinga kabla damu haijazidi. Kilichobaki kuwa na nguvu ni kuutibu upungufu wa damu wakati wa mimba na kuigundua damu mapema baada ya kuzaa.

Kwa watafiti na watu wa takwimu za hospitali, mfuko huu unahitaji tahadhari ya peke yake. Mwezi utakaoanza kuutumia, idadi ya wenye kutokwa damu nyingi kwenye rejista itapanda, pengine kwa kishindo. Huduma haijaharibika, wale ambao zamani hawakuonekana sasa wanaonekana. Meneja asiyeelewa hilo atawatisha wakunga, na wakunga wakitishwa wataanza kuandika 450. Ukitaka kulinganisha kabla na baada, au hospitali yenye mfuko na isiyo nao, usitumie idadi ya waliogunduliwa kama kipimo cha mafanikio. E-MOTIVE walilitatua hili kwa njia ambayo kila mtafiti wa leba angepaswa kuiiga: hata hospitali za huduma ya kawaida ziliwekewa mfuko, ila usio na alama, kisha mfuko ulipimwa kwa mzani baadaye. Hivyo damu ilipimwa kwa kipimo kimoja pande zote mbili, na tofauti iliyobaki ilitokana na alama, amri na matibabu. Kwa hesabu hiyo, waliopoteza mililita 500 au zaidi walikuwa asilimia 8.5 kwenye kundi la mabadiliko na 16.7 kwenye kundi la kawaida.

Kwenye fomu ya utafiti, andika mililita kamili; usiweke visanduku vya "chini ya 500" na "zaidi ya 500" peke yake. Visanduku vinaficha tabia ya watu kuzungusha namba. Ukichora grafu ya mililita zote na ukaona mlima kwenye 300 na mwingine kwenye 500, ujue wasomaji wanavutwa na mistari, na sampuli ya mifuko ipimwe kwa mzani na mtu mwingine asiyejua kilichoandikwa. Andika saa mfuko ulipowekwa na saa ulipotolewa, kwa sababu mililita 350 za dakika 20 na mililita 350 za saa 2 ni hali mbili tofauti. Andika pia kama kulikuwa na maji ya uzazi au mkojo ndani. Waliokosa kipimo wahesabiwe na sababu itajwe: mara nyingi wanaokosa ni wale waliojifungulia njiani, waliozaa mkunga akiwa kitanda kingine, au waliokimbizwa chumba cha upasuaji, na hao ndio wenye hatari kubwa. Ukiwaacha nje kimyakimya, matokeo yako yatapendeza kuliko ukweli.

Usidai pia zaidi ya kilichoonekana. Punguzo kubwa la E-MOTIVE limebebwa na wanawake waliopoteza lita moja au zaidi. Vifo vilikuwa vichache mno ndani ya jaribio kuweza kutoa jibu lenye uhakika juu ya vifo peke yake. Na waliochunguzwa ni waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwa upasuaji, ambako damu huingia kwenye mashine ya kunyonya na vitambaa vya tumbo, mfuko huu haujibu swali.

Kuna mengine usiyoyaona kapuni kabisa. Mji uliojaa mabonge ya damu ndani huku mlango umeziba, mji uliopasuka, damu iliyokusanyika chini ya ngozi ya uke: yote haya yanaweza kumuua mama huku kapu likisoma 150. Mapigo yakipanda na mama akiwa mweupe, amini mama, si plastiki.

Ukifika dukani au ukiandaa zabuni, dai sampuli uishike mkononi. Jaza maji ya lita nusu yaliyopimwa kwa silinda ya maabara, uone kama mstari wa 500 unasema kweli. Kosa la mililita 50 linavumilika, la 150 halivumiliki. Acha maji humo kwa saa 1 uone kama mshono unavuja. Tia rangi nyekundu nyeusi uangalie kama alama bado zinasomeka ukiwa umesimama hatua mbili mbali kwenye mwanga hafifu wa usiku, kwa sababu wino mwekundu hupotea kabisa damu ikiingia. Kapu liwe na nafasi ya kuzidi lita 1 bila kufurika. Plastiki ngumu inayokwaruza mapaja ikatae. Mfuko ni wa matumizi ya mara moja. Wanaouosha kwenye klorini na kuutumia tena wanahatarisha maambukizi na wanafuta alama. Baada ya kazi, damu imwagwe kwenye shimo au sinki la taka za maji, plastiki iende kwenye taka za kuambukiza na kuchomwa. Tanuri lisilofanya kazi litajaza uwanja wa nyuma kwa mifuko hii ndani ya wiki chache, kwa hiyo hilo nalo liingie kwenye hesabu.

Kwa hospitali inayozalisha akina mama 300 kwa mwezi kwa njia ya kawaida, agiza 330 kwa mwezi, kwa kuwa mingine itachanika na mingine itaangukia sakafuni, na weka akiba ya miezi mitatu. Mfuko ukitumika Januari na kukosekana Machi, wakunga watarudi kwenye macho na hawatauamini tena utakaporudi.

Kama fedha haitoshi vyote, utaratibu tunaoupendekeza ni huu: kwanza jokofu la oksitosini linaloshika nyuzijoto 2 hadi 8, kwa sababu oksitosini iliyokaa kwenye joto hupoteza nguvu na hakuna alama ya mfuko itakayoirudishia. Pili, asidi ya traneksamiki, kanula, dripu na glavu kwenye sanduku moja lililo hatua chache kutoka kitandani, lisilofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani. Tatu, mashine ya presha na mzani. Mifuko yenye alama ifuate hapo. Wakati mnaisubiri, shuka safi la plastiki lililokunjwa kama faneli na mzani wa jikoni vitawapa kipimo cha kuaminika kuliko jicho lolote, mradi uzito wa plastiki kavu umeandikwa na mtu wa zamu ameambiwa kwamba gramu 530 za damu, uzito wa plastiki ukishatolewa, ni wakati wa kuanza yote hata kama dalili zote ni nzuri.